Nusu ya Pili ya Chupa

Juu ya mlango wa banda la nguruwe kulikuwa na kamba kumi za katani, kila moja na msumari wake. Asubuhi, ukungu ulipopanda kutoka bonde la mafunjo chini ya Kyambogo, zilikuwa zikicheza polepole kana kwamba kuna mtu anapita akizigusa kwa kidole. Kila kamba ilikuwa mtoto mmoja wa nguruwe. Shangazi yangu hakuwa na mizani. Kila Jumamosi aliwakamata mmoja mmoja, akawazungushia kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, akafunga fundo pale ncha ilipofika. Nafasi kati ya fundo na fundo ndiyo iliyokuwa wiki. Wiki nzuri ilikuwa ndefu kama pingili moja ya kidole changu cha kati.

Kwenye msumari wa kumi na moja alining'iniza nyundo, ile yenye makucha nyuma ya kung'olea misumari.

Nyundo hiyo ilipanda hapo baada ya mzao wa pili kuharibika. Wa kwanza tulifikiri ni bahati mbaya. Nguruwe walizaliwa wazuri, wakanyonya, wakaachishwa, halafu ukuaji ukawatoka taratibu kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hawakufa wote. Wangekufa wote tungeelewa, maana homa ile inayofagia banda zima kwa wiki moja kila mfugaji wa Kampala anaijua. Hawa walikula, wakatazama, wakapungua. Manyoya yalisimama, ngozi ikapauka, uti wa mgongo ukaanza kuonekana. Mzao wa pili nao ukafuata njia hiyo hiyo. Kuna kamba moja ambayo mafundo yake ya mwisho yalikuwa yamegusana. Shangazi aliifunga fundo juu ya fundo, akaitazama, akaingia ndani kuchukua nyundo.

"Wakisinyaa na hawa wanaokuja," aliniambia, "nitang'oa mbao hizi moja moja, niziuze, nirudi nyumbani."

Nyumbani ni magharibi mwa Kenya, ambako alitoka akiwa msichana kuja kuuza kwenye duka la mtu kule Kansanga. Mimi nililetwa kwake nikiwa na miaka kumi. Nguruwe walinisomesha hadi chuo kikuu. Kwa hiyo niliposikia habari ya mbao nilielewa kwamba kitanda changu nacho kimo ndani ya hesabu hiyo, pamoja na dirisha langu, na harufu ya machicha ya pombe wanayolishwa nguruwe, inayoingia asubuhi, ambayo wageni huikunjia pua na mimi siwezi kuamka vizuri bila hiyo.

Wakati huo nilikuwa nikichapa kazi za wanafunzi kwenye kibanda karibu na lango la chuo. Siku nzima nilisoma tafiti za watu. Nilichojifunza ni kwamba karibu kila mtu hugundua kile alichokuja nacho kutoka nyumbani. Anayeamini mbolea, mahindi yake hukua. Anayeamini maombi, wagonjwa wake hupona. Nilikuwa nimefika mahali pa kutoamini hata ubao wa bei ya chapati. Shangazi alisema kwamba siku nitakayozikwa nitainua kifuniko kuuliza nani amethibitisha.

Basi mganga wa mifugo alipokuja na chupa yake ndogo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, alinikuta mlangoni.

Shangazi alimwita musawo, kama wanavyomwita daktari hapa. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabuti ya mpira na Kiswahili cha Kampala, kile kinachotembea bila kujali sana njia zake.

"Hii ugonjwa inakula watoto ukishawatoa kwa mama," alisema. "Ni kirusi, kidogo sana. Haiui haraka. Inakula kukua. Unawapa chakula, wewe unalisha kirusi."

"Umejuaje kwamba ni hicho?" nikauliza.

"Nimeona mingi."

"Umepima?"

"Kupima ni maabara. Maabara ni safari. Mimi nimeona matezi ya hapa," akagusa kinena chake mwenyewe, "ile wakati nilimpasua yule aliyekufa. Zilikuwa kama maharagwe imelowa."

"Na sindano hii inazuia ile homa kubwa?"

"Hapana. Kwa ile sina sindano. Kwa ile weka maji ya dawa mlangoni, kila mtu akanyage, na usilete mabaki ya nyama. Dada, unataka nifundishe hapa ama nidunge?"

Nikatoa pendekezo langu. Nilikuwa nimelilalia wiki nzima. Watoto walikuwa kumi, umri wao wiki tatu. Tuwadunge watano, watano tuwaache. Tuwalishe sawa, tuwapime kwa kamba, tuone. Tukidunga wote na wakakua, nani atajua kwamba si mvua nzuri, si pumba nzuri, si yale maji ya mlangoni?

Shangazi alikuwa amesimama na ndoo ya maganda ya matoke, yale anayoletewa kutoka soko la Nateete. Aliiweka chini.

"Mama," aliniambia, kwa maana huniita mama tangu utoto, kwa heshima ya nyanya niliyerithi sura yake, "watano tuwaache ili iwe nini?"

"Ili tujue."

Alimtazama musawo. Musawo alitazama mabuti yake. Mwishowe shangazi akasema, "Haya," na mimi nikaridhika kwa namna ambayo leo ikinijia huwa nataka kucheka.

Musawo aliitikisa chupa, akaiinua juani. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kama maji ya mchele. "Chupa ni ya dozi kumi," alisema. "Ikitobolewa leo, inaisha leo. Haiwezi kulala." Nilimsikia kabisa. Nilikuwa nikichanganya dawa ya zambarau ya kuwapaka alama.

Alidunga watano nyuma ya sikio, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa nguruwe akishikwa hulia kama bati linalokatwa. Nikampaka kila mmoja duara la zambarau mgongoni, nikafunga uzi mwekundu kwenye kamba zao tano. Kisha simu yangu ikaita. Mwanafunzi mmoja alikuwa kwenye kibanda na sura ya nne ya utafiti wake. Nikanawa mikono, nikapanda kilima. Nyuma yangu banda lilinyamaza, na nikatembea nikihisi kwamba kwa mara ya kwanza maishani nitajua jambo moja kwa macho yangu.

Wiki zilizofuata nazikumbuka kama vile mtu anavyokumbuka homa nyepesi. Niliamka kabla ya shangazi. Ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni, na watoto wa nguruwe walilala wamebebana, vichwa huku, mikia kule, duara za zambarau zikipanda na kushuka kwa pumzi. Mara nyingine nilisimama pale mpaka nikasahau kilichonileta. Kibandani nilisinzia mbele ya kompyuta, na maneno ya watu yakageuka nguruwe wadogo weupe wakipita kwenye kioo bila kukanyaga kitu. Nilimwota yule wa tatu, mwenye sikio lililokunjika, akielea juu ya mafunjo, kamba yake ikining'inia chini yake, nami nikikimbia kuishika ili nisome mafundo.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yangu. Shangazi alishika, nilifunga. Fundo la nne, la tano, la sita. Hakuna aliyesinyaa. Nilikuwa na daftari la mistari miwili, mmoja wa zambarau na mmoja wa kalamu ya kawaida, na mistari ile ilitembea pamoja kama watu wawili wanaotoka kanisani. Mwanzo nilifikiri ni mapema. Wiki ya saba nilianza kufurahi kwa furaha isiyo nzuri sana. Nilikuwa nimeshuku, na shaka yangu ilikuwa inazaa.

"Wanakua," shangazi alikuwa akisema kila Jumamosi, akimwachia wa mwisho.

"Wote," nilikuwa nikijibu kwa sauti ya mwalimu. "Sawa kabisa. Umeona?"

"Nimeona."

Wiki ya kumi nilimkalisha kwenye kigoda, nikamfungulia daftari. Jike, mama yao, alikuwa na mimba tena, tumbo limeanza kuonekana, na ilibidi tuamue. Nikamweleza kwamba waliodungwa na wasiodungwa hawana tofauti hata ya upana wa ukucha. Kirusi hakikuwepo, au kilikuwepo kikajiondokea. Maji ya mlangoni labda. Sindano haikufanya kitu.

Shangazi alipitisha kidole kwenye mistari kama mtu anayefuata njia asiyoikusudia.

"Kwa hiyo wanaokuja tusiwadunge?"

"Hakuna sababu."

Alinyanyuka, akachukua ndoo. Mlangoni aliinua macho kwenye ile nyundo, akaingia bandani. Nilidhani amekubali. Akikubali mambo yangu mengine huwa ananibishia kwanza, lakini hilo nalo sikulihoji.

Upande wa pili wa uzio wetu wa mabati aliishi bibi mmoja Mnubi, mjane, anayesuka vifuniko vya ukili vya rangi. Tulimwita Haboba, kama Wanubi wanavyomwita bibi. Kwa miaka yote hakuwahi kutamka neno nguruwe. Alisema "wageni wenu". Wageni wenu wameamka mapema. Wageni wenu leo wana njaa. Shangazi, kwa upande wake, hakuwahi kumwaga maji ya banda upande wa bibi, hata kama mtaro wa huko ulikuwa karibu zaidi. Hivyo ndivyo walivyoheshimiana.

Jioni ile nilikwenda kumrudishia sufuria. Alikuwa barazani, ukili wa kijani mdomoni, na kwa kuwa nilikuwa nimejaa ugunduzi wangu, nikamwagia na yeye.

"Sindano ile?" alisema, akitoa ukili mdomoni. "Ile iliyonikosesha taarifa ya habari?"

"Samahani, Haboba. Walikuwa watano tu."

"Watano nani?"

"Waliolia."

Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Binti, wewe umesoma lakini hukuwepo. Walilia watano, kukawa kimya. Nikasema alhamdulillahi, nikamimina chai. Kabla sijaonja, wakaanza tena. Mmoja, wawili, mpaka watano wengine. Mimi siwaangalii wageni wenu, lakini kusikia sikuchagua. Kumi. Niliwahesabu kwa hasira."

Nilisimama pale na mikono mitupu. Nyuma ya kilima taa za Kyambogo zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja, na kila moja niliiona kama kitu ninachopaswa kukielewa na sikielewi. Chupa ni ya dozi kumi. Ikitobolewa leo, inaisha leo. Mimi niliyehoji maabara, matezi, kirusi na daktari mwenyewe, sikuuliza nusu ya pili ya chupa ilikwenda wapi.

Shangazi alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Sikukaa.

"Mliwadunga wote."

Aliendelea na dagaa wawili watatu. "Haboba amekwambia?"

"Aliwasikia."

"Nilijua tu. Yule masikio yake ni ya askari, kama babu zake."

"Shangazi."

"Ulitaka niimwage?" Sasa aliinua uso. "Dawa ya watoto watano. Imo kwenye chupa, mkononi mwa musawo, watoto wako mbele yangu. Nimwage chini kwa sababu ya daftari?"

"Ungeniambia."

"Ungesema nimwage."

Ni kweli ningesema. Nilikaa kwenye kizingiti. Katika nyumba ya shangazi ganda la yai husagwa, maji ya mchele hunywesha nguruwe, sabuni iliyokwisha hubandikwa juu ya sabuni mpya. Hata daftari langu lingekuwa la chuma, lisingeishinda nusu chupa inayotaka kumwagwa. Mtu yeyote anayemjua angejua hilo siku ile ile, na mimi nimeishi naye miaka kumi na nne.

"Wiki kumi umeniacha nichore mistari," nikasema.

"Ulikuwa unaamka mapema. Tangu uzaliwe sijakuona ukiamka mapema." Kisha akaacha mzaha. "Nilitaka kukwambia. Kila Jumamosi nilitaka. Lakini nilipokuwa nawashika pale, mama, nilikuwa nasikia tu mapigo ya moyo kwenye kiganja, na kamba inafika mbali kuliko wiki iliyopita, nikawa sitaki neno lolote liguse jambo lile. Wewe ulitaka kujua. Mimi nilitaka nising'oe hizi mbao."

"Na leo, nilivyosema wanaokuja tusiwadunge?"

"Ungekwenda kazini," alisema, "nami ningemwita musawo."

Tulicheka wote wawili, yeye kwanza. Lakini usiku ule niliposhika daftari sikujua nilifanyie nini. Lilikuwa safi, limepangwa vizuri, na halikuwa na maana. Kumi wamedungwa, kumi wamekua. Je, ni sindano? Ni maji ya dawa mlangoni, ambayo tuliyaanza mwezi ule ule? Ni shangazi kutokuleta tena makombo ya hotelini? Niliyageuza mpaka yakaniishia mikononi. Nimeyageuza mara nyingi tangu hapo. Nilipomkabili musawo, alikuna kidevu na kusema, "Dada, kirusi haisomi daftari," kisha akaona aibu kidogo, akaongeza kwamba yeye pia hana hakika ya mia kwa mia, ila kwenye mabanda anayodunga huwa anaitwa tena kwa kazi nyingine, na kwenye yale mengine huwa haitwi tena kabisa, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kumwitia. Hilo nililiandika. Si ushahidi, lakini niliandika.

Wale kumi walikwenda wakiwa wazito hivi kwamba mnunuzi alirudi na gari la pili. Nyundo ilibaki kwenye msumari wake. Shangazi hakuizungumzia, nami sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa najifunza.

Jike alizaa mwezi uliofuata. Nilikuwepo, asubuhi ya mvua nyembamba isiyotoa sauti. Waliteleza mmoja mmoja kwenye majani makavu, wakaanza safari ya kutafuta chuchu macho yakiwa wazi. Nilihesabu mara mbili. Walikuwa kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa jike mdogo, wa ukubwa wa kiatu cha mtoto, na alitupwa pembeni mara tatu na ndugu zake kabla hajapata chuchu ya nyuma kabisa, ile isiyo na maziwa mengi.

Wiki tatu baadaye musawo alikuja na chupa yake. Safari hii mimi ndiye niliyeshika, shangazi akahesabu. Walilia kumi. Musawo akavuta tena bomba, likavuta hewa.

"Imeisha," alisema. Yule mdogo alikuwa bado kwenye kona, ananusa buti lake. Musawo akanitazama kwa jicho la utani. "Si ulitaka mmoja wa kulinganisha?"

Shangazi hakunitazama. Alikuwa anatazama juu, kwenye kamba, ambako kumi zilikuwa tayari zimefungwa fundo la kwanza, na ya kumi na moja ilikuwa begani mwake kwa kukosa msumari.

Ni kweli, nilikuwa nimempata. Mmoja asiyedungwa, wa kweli safari hii, bila hila. Nilimtazama akinusa. Mmoja hathibitishi kitu, nilijiambia. Angekufa, ningesema ni kwa sababu ni mdogo. Angeishi, ningesema ni bahati. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu wa kisomi, na niliufikia nikiwa tayari ninavaa viatu.

"Kwenye duka lako la dawa kuna chupa iliyofunguliwa leo?" nikamuuliza musawo.

"Kuna. Mtu wa Ggaba alichukua dozi sita asubuhi. Itakaa mpaka jioni, kama iko kwa barafu. Lakini Kansanga, dada, na hii mvua."

Nilichukua chupa yake ya chai, nikapanda bodaboda. Tulipita Bugolobi, tukakatiza Namuwongo, mji wote ukiwa umelowa na kung'aa, watu wamesimama chini ya vibaraza vya maduka kama picha zilizosahauliwa ukutani. Dukani msichana alinivutia dozi moja kwenye bomba, akaifunika, akaizungushia kitambaa isiguse barafu ikaganda. Nilipanda tena nikiipakata. Kwenye barabara ya Ggaba magari yalikuwa yamesimama, mvua nayo imesimama, na ubaridi wa ile chupa ulipenya sketi yangu ukatulia juu ya paja kama mkono wa mtu. Dereva aliniuliza nimebeba nini kwa uangalifu hivyo. Nikasema dawa ya mtoto. Akasema pole, akaacha kurukia mashimo.

Nilipofika musawo alikuwa anamaliza kikombe cha pili cha chai. "Dunga wewe," alisema. "Umeangalia mara kumi na tano."

Kumi na tano. Alikuwa sahihi, zile tano za nusu ya pili ya chupa hazikuwa machoni mwangu. Shangazi alimkumbatia yule mdogo kifuani, akamkunja sikio. Nilipata mahali, nikasukuma. Alilia kwa sauti ambayo mwili wake haukuonekana kuwa nayo.

Tulipotoka nje, shangazi alinyoosha mkono juu ya mlango, akashusha nyundo, akanipa niishike. Kwenye msumari ule akaning'iniza kamba ya kumi na moja. Fundo lake la kwanza lilikuwa karibu sana na ncha, ikabidi nisogee ili nilione.

Nyuma ya mabati redio ilipunguzwa.

"Binti," Haboba aliita. "Ni kumi na mmoja?"

"Ni kumi na mmoja, Haboba."

"Huyo wa mwisho amechelewa," alisema, "lakini ana mapafu." Redio ikapanda tena, nami nikaenda kuirudisha nyundo sandukuni.